Mwendelezo hautoki: kutafuta ubovu ulipo kwa mtunzi anayelipwa na wasomaji

Mwongozo huu ni wa mtunzi aliyeacha kazi nyingine zote, anayeandika hadithi kwa Kiswahili, akizituma sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp na kulipwa moja kwa moja na wanaomsoma: buku mbili kwa hadithi nzima, buku tano kwa mwezi, au vyovyote mlivyokubaliana. Huna mhariri wa kukupigia simu, wala bosi wa kukukata mshahara. Ukizorota, wa kwanza kujua ni msomaji, naye haandiki barua ya onyo. Mwezi unaofuata halipii, basi.

Kazi hii, pamoja na maongezi ya usiku na watunzi wenzangu, imenipa msimamo mmoja ambao utauona ukijirudia humu: mara nyingi mtunzi anayelalamika kwamba hana kasi, kasi anayo. Kilichomshinda ni ahadi. Ameuza kitu ambacho mtu mmoja mwenye simu moja hawezi kukitoa, kisha anajiita mvivu. Kwa hiyo kabla hujanunua daftari la ratiba au kuanza kuamka saa kumi alfajiri, chukua karatasi ujibu maswali mawili. Wiki iliyopita uliwaahidi nini waliolipia, kwa maneno yale yale uliyoyaandika kwenye tangazo? Na nini kiliwafikia? Saa ulizokaa mezani usizihesabu, wala kurasa ulizoandika ukazifuta. Hesabu sehemu zilizofika kwa watu. Pengo lililopo kati ya majibu hayo ndilo ugonjwa wenyewe. Zinazofuata ni dalili.

Upo kazini tangu asubuhi, lakini hakuna kinachotoka

Hii ndiyo ninayoulizwa kuliko zote. Kipimo chake kipo kwenye mipangilio ya simu, pale panapoonyesha kila programu imetumika kwa muda gani. Angalia siku ya kazi ya kawaida, siyo Jumapili. Ukikuta WhatsApp imekula saa sita na programu unayoandikia imepata dakika arobaini, siku ile hukuwa mtunzi. Ulikuwa keshia.

Sababu ni kwamba chombo kimoja kimebebeshwa kazi tatu. Simu hiyo hiyo ndiyo kalamu, ndiyo duka, na ndiyo kaunta ya malipo. Upo katikati ya kuandika ugomvi wa wifi na shemeji jikoni, ujumbe wa muamala unaingia. Unafungua. Jina lililotuma pesa ni la mume, anayetaka kusoma ni mke, na namba iliyolipa haifanani na iliyokuandikia. Unauliza, "Nani amelipia?" Baada ya dakika ishirini inakuja skrinshoti iliyokatwa pembeni, tarehe haionekani. Unamwingiza kundini. Anaomba sehemu za nyuma, nazo zipo kumi na nane, unazituma moja moja. Ukirudi jikoni umeshasahau nani alikuwa ameshika mwiko.

Watu watakushauri nidhamu: zima data, weka simu chumba kingine. Ushauri mzuri kwa mwenye mshahara. Kwetu ujumbe wa muamala ni chakula cha kesho, na sijamwona bado mtu anayeusikia mlio wake akaendelea na sentensi. Afadhali kupanga mambo ili malipo yasije kabisa saa ya kuandika.

Njia ya kwanza ni kupokea malipo kwa dirisha. Dirisha linafunguliwa tarehe 25 mishahara inapoanza kutoka, linafungwa tarehe 2 au 3. Anayekuja katikati anaandikwa kwenye foleni na kuambiwa siku atakayoingia. Hapa watunzi wengi wanashtuka: nitampoteza mteja. Utawapoteza wachache, ni kweli. Lakini mwenye arosto, yaani hamu kali ya mwendelezo, husubiri, na wakati anasubiri hukutangazia hadithi bila kujua, maana anauliza kila mtu kama anayo. Dirisha linakupa pia kitu ambacho mauzo ya kila siku hayakupi: unajua mapema mwezi huu una watu wangapi na pesa ngapi.

Njia ya pili ni kutenga laini. Namba ya kulipia ikae kwenye simu ndogo ya batani. Itapokea ujumbe wa miamala kama kawaida, na haina kingine cha kukuvuta. Kila jioni, kwa saa moja, unaifungua na daftari pembeni: jina la muamala, jina la msomaji, namba iliyopo kundini. Kama una mtu wa kukusaidia, mpe kazi hiyo na umlipe, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja. Msaidizi wa bure hafukuziki.

Ukitaka kuona pesa za hadhira zikipokelewa bila kazi kusimama, nenda kwenye taarabu. Mashabiki wanapanda jukwaani kumtunza mwimbaji wimbo ukiwa katikati, noti zinamwagika, naye haukatishi ubeti ili ahesabu. Yupo mtu wa kuziokota.

Angalia na makundi yenyewe. Kundi la WhatsApp zamani liliishia watu 256. Mwaka 2022 kiwango kikapandishwa hadi 512, na mwaka huo huo hadi 1,024. Bado wapo watunzi wanaobandika sehemu ile ile kwenye makundi manne kila usiku, mazoea tu ya enzi za 256. Unganisha. Kisha weka mpangilio wa wasimamizi pekee kutuma ujumbe, ambao upo tangu 2018, ili anayejiunga leo aione hadithi bila kuchimbua salamu mia tatu za "za jioni wapendwa". Kila Jumapili kusanya sehemu zilizokwisha toka kwenye faili moja, na atakayeingia baadaye apewe hilo faili. Sehemu kumi na nane moja moja usitume tena maishani mwako.

Chaneli za WhatsApp, zilizoanza 2023, hazifai kwa hadithi ya kulipia, kwa kuwa yeyote anaweza kuifuata chaneli. Zinafaa kwa sehemu za bure na matangazo, na zina uzuri mmoja: wafuasi hawaonani namba. Hilo si dogo. Kwenye kundi la kawaida mtu anaweza kulipa buku lake, akavuna namba za wateja wako wote, na kesho wote wakapokea tangazo la hadithi ya mwingine.

Ulianza kwa moto, umekwama sehemu ya thelathini

Kipimo: simama mbele ya mtu, sasa hivi, umwambie hadithi inaishaje. Kwa sentensi moja. Usianze na "inategemea".

Ukishindwa, kasi haina lawama hapa. Hujui unakokwenda, na saa za ziada mezani zitakuzalishia sehemu nyingi za watu kupiga simu, kulia, kulala na kuamka. Msomaji anazijua sehemu hizo. Anaziita maji. Funga dirisha la malipo kwa wateja wapya, tangaza mapumziko yenye tarehe ya kurudi, kaa upange kuanzia mwisho kurudi nyuma.

Ukiweza kuusema mwisho na bado umekwama, tafuta uvimbe katikati. Kwa kawaida yupo mhusika wa pembeni aliyependwa na wasomaji, ukamwongezea sehemu, akajenga nyumba. Au unaivuta hadithi makusudi kwa sababu waliolipa kwa mwezi watalipa tena ikiendelea. Ondoa sehemu tatu za katikati kwenye nakala yako, soma kilichobaki. Kama hakuna kilichovunjika, unajua pa kukata.

Lakini mara nyingi chanzo kipo nyuma zaidi, kwenye tangazo. Uliandika "kila siku saa mbili usiku". Sehemu ya maneno 1,200 kila siku ni maneno 36,000 kwa mwezi, yaani riwaya fupi kila mwezi, mwaka mzima, bila kuugua, bila msiba, bila umeme kukatika. Na hiyo umeiuza buku mbili.

Wapenda mbinu za kasi hupenda kumtaja Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, aliyekuwa mwajiriwa wa posta na akaandika riwaya 47. Aliandika alfajiri kabla ya kazi, saa ikiwa mezani mbele yake, akijitaka maneno 250 kila robo saa. Watu hubeba hiyo saa na hizo 250 wakaacha jambo lenye faida zaidi kwetu: alikuwa na kanuni ya kumaliza hadithi nzima kabla sehemu yake ya kwanza haijachapwa, na ni mara chache aliivunja. Kwa hiyo alfajiri ile hakuwa akikimbizana na msomaji yeyote. Mwenzake wa zama hizo, Charles Dickens, aliandika huku sehemu zikitoka. Alipofariki Juni 1870, hadithi yake ya mwisho ilikuwa imepangwa sehemu 12, naye alikuwa ameandika 6. Mpaka leo watu wanabishana muuaji wa ndani ya hadithi hiyo alikuwa nani.

Sikwambii umalize riwaya nzima kabla ya kuuza. Kodi ya nyumba haikuruhusu, najua. Nakwambia usifungue malipo kabla nusu haijaandikwa, na kati ya sehemu iliyotoka na uliyoiandika iwepo akiba ya sehemu kumi. Akiba ikishuka chini ya tano, badilisha ratiba hadharani: kutoka kila siku kwenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tangaza kabla hujachelewa. Anayetangaza baada ya kimya cha siku nne haeleweki tena, hata akiwa na cheti cha daktari. Msomaji wa Kiswahili ana subira ya ajabu kwa hadithi inayokuja mara tatu kwa wiki kwa uhakika. Asichokivumilia ni kufungua simu saa mbili usiku akakuta hakuna kitu, na mtunzi yupo hewani anaweka statasi za maua.

Unaandika zaidi, pesa ni ile ile

Usiongeze sehemu kwanza. Fungua daftari la malipo.

Tuchukue mfano. Mwezi uliopita walilipa watu 150, buku mbili kila mmoja, ukapata 300,000. Mwezi huu tena 150. Unaona umesimama palepale. Linganisha majina: kati ya 150 wa sasa, 60 ni wapya. Maana yake wa zamani 60 wameondoka, na nguvu yako yote ya mwezi imeishia kuziba nafasi zao. Hapo kuongeza idadi ya sehemu hakusaidii kitu mpaka ujue waliondokea wapi.

Waulize walioondoka. Waliobaki watakusifu tu. Swali liwe jepesi na lisilo na lawama: "Dada, uliishia sehemu ya ngapi?" Usimwulize kwa nini, ataona aibu akuambie simu iliharibika. Ukikusanya majibu ishirini utaona yanarundikana mahali. Kwenye madaftari niliyosaidia kuyapitia, yalirundikana kwenye wiki za kimya, hata pale ambapo sehemu zilizokuja baada ya kimya zilikuwa nzuri kuliko zote. Watu hawakuchukia hadithi. Walizoea kuishi bila hiyo.

Sababu nyingine ni makato. Anayekutumia kiasi kidogo analipia kutuma, nawe unalipia kutoa, na katika pesa ndogo makato hayo yanauma kuliko katika kubwa. Watanzania wanakumbuka Julai 2021, tozo mpya za miamala ya simu zilipoanza, kelele zikapigwa hadi zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo. Somo la biashara kwa wauzaji wa vitu vidogo lilibaki: uza kifurushi. Hadithi tatu kwa muamala mmoja ni nafuu kwake na kwako, na wewe unashughulika na skrinshoti moja badala ya tatu.

Halafu wizi. Hadithi yako ipo kwenye makundi usiyoyajua, imebadilishwa jina la mtunzi, labda na majina ya wahusika. Inauma, na najua mtunzi mwenye kipaji kuliko mimi ambaye asubuhi zake zote sasa ni za kusaka wezi, kuwaripoti, kuwasema hadharani. Ameacha kuandika, ila mwenyewe hajui. Msimamo wangu: wizi upangiwe siku moja kwa mwezi, na uandishi usiguswe. Kinachoweza kufanyika kifanyike mapema. Sajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA ukiwa Tanzania, au KECOBO ukiwa Kenya, ili siku ukihitaji kumshika mtu uwe na karatasi. Weka jina lako na namba ya kulipia ndani ya matini, katikati ya sehemu, siyo juu wala chini panapokatwa kirahisi. Mwizi mvivu atakusambazia tangazo. Ukitumia Telegramu, tangu Desemba 2021 mwenye kundi au chaneli anaweza kuzuia watu wasisambaze wala kuhifadhi anachotuma. Haizuii simu ya pili kupiga picha ya kioo, ila inapunguza wizi wa kidole kimoja. Na jikumbushe kwamba wengi wa wanaosoma nakala ya wizi wasingelipa. Usiwahesabu kama hasara, utaumwa bure.

Usipime hali ya kazi hii kwa Januari. Wakenya wameipa jina lao, Njaanuari, na ada za shule hazimwachi mtu na pesa ya hadithi. Ramadhani nayo, kwa wasomaji wa pwani na visiwani, hadithi za mahaba huwekwa kando. Ukiwa na kisa cha upelelezi au cha kifamilia kwenye akiba, huo ndio mwezi wake.

Pesa ikiingia, hamu inatoka

Wiki ya kwanza ya mwezi una pesa na huna haraka. Wiki ya nne huna pesa na una deni la sehemu tisa. Wengi huita hii tabia mbaya. Mimi naona ni mpangilio mbaya wa malipo: umelipwa kwa kazi ambayo hujaifanya, na kichwa kikishapokea malipo kinaona kazi imekwisha.

Kuna dawa mbili. Moja, pesa za dirisha zisikae kwenye laini unayonunulia vocha na nyanya. Ziende akaunti nyingine siku hiyo hiyo, na kila Ijumaa ujihamishie robo yake, baada ya sehemu za wiki kutoka. Sehemu zikikosa, mshahara unasubiri. Nimeona hii ikifanya kazi kwa watu wasio na nidhamu yoyote, mradi akaunti ile iwe na usumbufu kidogo wa kutoa.

Ya pili ni kubadilisha unachouza: badala ya mwezi, uza hadithi nzima kwa mafungu, nusu mwanzo na nusu ikifika katikati. Inakupa sababu ya kufika katikati. Hii ni ngumu zaidi kusimamia na inahitaji wasomaji wanaokuamini, kwa hiyo mgeni wa kazi aanze na ile ya kwanza.

Unaandika, unafuta

Mara ngapi umefungua maoni kabla ya kufungua ukurasa mtupu? Hicho ndicho kipimo.

Anayelipwa na wasomaji anawasikia kichwani hata wakiwa kimya. Mmoja ametishia kujitoa kundini mhusika wako Zawadi akifa. Mwingine anasema mume wa Zawadi hana adabu kwa mama mkwe, mbona humwadhibu? Wa tatu, mwalimu mstaafu, amekusahihisha "kwa sababu ya" ukakosa usingizi. Ukikaa kuandika, kila mstari unapigiwa kura. Unafuta kwa sababu umewaona wakiusoma kabla haujakamilika.

Akiba ya sehemu kumi inatibu na hili pia, ndiyo maana naing'ang'ania. Maoni ya leo yanahusu sehemu ya 20, wewe upo ya 31, Zawadi ameshakufa na kuzikwa. Huwezi kumfufua kwa hasira ya mtu. Soma maoni baada ya kuandika, siyo kabla, na uyachambue: msomaji anayesema "hapa nimechoka" au "sikuelewa aliingiaje ndani" anakupa taarifa. Anayesema nini kitokee anakupa hadithi yake yeye. Mshukuru, "ahsante sana mpendwa," uendelee.

Mwalimu mstaafu usimpoteze. Mwombe awe anapitia sehemu kabla hazijatoka, asome bure maisha yake yote.

"Si upo tu nyumbani"

Mtoto anahitaji kuchukuliwa shule, fundi anakuja, shangazi anaumwa Kibaha, na mwenye nafasi ni mmoja: wewe, uliyekaa na simu. Hakuna anayekuonea. Kwa macho ya nyumba nzima, mtu anayebofya simu hafanyi kazi.

Kueleza hakusaidii sana. Kinachosaidia ni vitu vinavyoonekana: bili moja ya nyumba iliyo jina lako kila mwezi, na hadithi ndiyo inayoilipa, kila mtu ajue. Meza na kiti, hata kama ni pembeni ya kabati. Daftari na kalamu badala ya simu kwa rasimu ya kwanza. Mama mkwe akikuta mtu anaandika kwenye daftari hupunguza sauti, akikuta mtu na simu humtuma dukani. Daftari pia halijui umeme umekatika. Wengine huondoka kabisa, maktaba ya mkoa au kibaraza cha msikiti au kanisa saa za asubuhi, wakarudi mchana.

Umehama jukwaa mara nyingi kuliko ulivyomaliza hadithi

Facebook, kisha WhatsApp, kisha Telegramu, sasa unachora nembo ya tovuti. Kila kuhama kunaonekana ni kazi, kuna jasho kabisa, na wiki tatu zinapita bila sehemu hata moja. Kipimo ni kujiuliza kama waliolipia ndio waliokuomba uhame. Kama hawakuomba, unaikimbia sehemu ya 31.

Ipo sababu moja halali: wasomaji wa nje. Mswahili aliye Muscat au Minneapolis anataka kukulipa, na saa nzima inaishia kwenye maelekezo. Majukwaa ya kulipia waandishi yapo. Patreon ilianza 2013 na Substack 2017, na Substack hukata asilimia 10 ya kila malipo. Ila kabla hujajenga nyumba huko angalia mlango wa kutolea pesa. Substack hulipa kupitia Stripe, kampuni ya kupitishia malipo ya mtandaoni, na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za Stripe. Kwa wengi wetu njia fupi imebaki ile ya zamani: msomaji anatuma kwa kampuni ya kutuma fedha, inaingia kwenye simu. Kwa kuwa makato yake ni makubwa kwa kiasi kidogo, wauzie wa nje miezi sita au mwaka kwa pamoja. Ni muamala mmoja, umemaliza naye.

Ukifungua tovuti yako mwenyewe Tanzania, pitia kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni. Zilizotoka 2018 ziliwataka wenye blogu kuwa na leseni, na zimebadilishwa tangu hapo. Ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, utaratibu wa sasa kabla hujalipia jina la tovuti.

Umejaribu yote, bado hakuna kinachotoka

Basi huenda umechoka, au unaumwa, au umefiwa na hujalia. Hapo ratiba haina kazi. Kipimo changu ni kimoja: je, unasoma? Mtunzi aliyekwama kwenye hadithi yake kwa kawaida bado anameza za wengine. Asiyeweza hata kusoma ya mtu mwingine kwa wiki kadhaa anahitaji kupumzika, na pengine daktari, kabla hajahitaji ushauri wa watunzi.

Funga vizuri. Andika ujumbe mfupi, usio na hadithi ndefu ya matatizo: "Wapendwa, nasimama kuandika kwa sasa kwa sababu za afya. Hadithi imefika sehemu ya 30 kati ya 40. Atakayependa kusubiri, nafasi yake ipo. Atakayetaka kurudishiwa, aniandikie kabla ya Ijumaa." Tarehe ya kurudi usiitaje kama huijui. Ukiitaja ukaikosa, umefungua deni jipya ukiwa kitandani.

Hesabu ya kurudisha ni nyepesi. Aliyelipa 2,000 kwa sehemu 40 na amepata 30 anadai sehemu 10, yaani 500. Jero. Wengi watakuambia ubaki nayo, na aliyesema hivyo kwa maandishi mwache. Wengine watumie, makato ya kutuma yawe juu yako. Kama fedha haitoshi kuwalipa wote kwa mkupuo, anza na waliolipa karibuni: hao bado hawajakuzoea, na ndio watakaoandika "tapeli" kwenye maoni kabla jua halijazama.